Sheria ya Sihiri na Haki ya Hadhira: Uingizaji wa Sihiri Mpya katika Masimulizi ya Dragonlance

Utangulizi

Kila ngano yenye miujiza ina sheria yake, hata kama sheria hiyo haikuandikwa popote. Fumo Liyongo hafi kwa mkuki wala kwa mshale. Hufa kwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni, na kwa hiyo tu. Msikilizaji aliyelikubali sharti hili hulishika hadi mwisho wa masimulizi, na usaliti wa mwana humwuma kwa sababu anajua kwamba siri iliyotolewa ndiyo mlango pekee wa mauti ya shujaa. Lau mtambaji angetangaza katikati ya kisa kwamba tangu siku hiyo Liyongo aweza kuuawa pia kwa upanga, hadhira ingenung'unika, na ingekuwa na haki ya kunung'unika. Kosa hapo lisingekuwa la kuleta muujiza, bali la kuvunja ahadi.

Makala haya yanakusudia kulichunguza tatizo hilo katika utanzu ambao bado ni mgeni katika uhakiki wa Kiswahili, yaani masimulizi ya mchezo wa mezani. Mchezo wa namna hii ulianza kuchapishwa Marekani mwaka 1974, wakati Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Watu wachache huketi pamoja. Mmoja wao ni msimamizi: hueleza mahali, hali ya hewa, maadui na matokeo. Kila mmoja wa waliobaki hushika mhusika mmoja, akasema na kutenda kwa niaba yake, na penye shaka dadu hurushwa. Kikao hufuata kikao, mara nyingine kwa miaka mingi, na mfululizo huo mrefu huitwa kampeni. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatakosa kuona ujamaa uliopo kati ya meza hiyo na uwanja wa utambaji. Fanani yupo, hadhira ipo, na masimulizi huzaliwa mbele ya macho yao wote. Tofauti ni kwamba hapa hadhira haiishii kuitikia pakawa. Imekabidhiwa wahusika wakuu wenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo inayolifanya suala la sihiri kuwa zito. Mtambaji akibadili sheria ya sihiri katika ngano ya kawaida, amemkera msikilizaji. Msimamizi akiibadili katika kampeni, amegusa kazi ya mikono ya mtu. Mchezaji aliyemlea mwenye sihiri kwa miaka minne, akajua neno gani litumike wapi na kwa gharama gani, huweza kuingia kikao kimoja na kuambiwa kwamba elimu yote ile imekuwa bure. Swali la makala haya ni hili: ni kwa masharti gani sihiri mpya yaweza kuingia katika masimulizi yaliyokwisha kuanza, na hadhira ikakubali kuwa ni masimulizi yale yale?

Istilahi

Yafaa kwanza istilahi zifafanuliwe. Kiswahili hakikosi maneno ya jambo hili. Taabu ni kwamba karibu kila neno limebeba hukumu ndani yake. Uchawi ni nguvu ya kudhuru itendwayo kwa siri, na aitwaye mchawi amekwisha kushtakiwa. Uganga ni nguvu ya kuagua na kuponya, na mlango wa mganga hujulikana na watu. Mazingaombwe ni hadaa ya macho. Sihiri nalo halina sifa njema mbele ya dini, lakini ndilo linaloweza kupanuliwa maana bila ya kuamua mapema kama nguvu inayotajwa ni njema au mbaya. Katika makala haya, basi, sihiri ni nguvu kwa jumla, na hasa ile ya kusomewa. Uganga ni nguvu ya kuponya, itoke kwa miungu au itoke moyoni mwa mtu. Mgawanyo huu hautokani na haja ya tafsiri peke yake. Ulimwengu wa Krynn, ambamo masimulizi ya Dragonlance hutendeka, umejengwa juu yake.

Ulimwengu huo unafaa kuchunguzwa kwa sababu sheria yake ya sihiri imebadilishwa mbele ya hadhira zaidi ya mara moja, na kila mara kwa njia tofauti. Mhakiki hupata hapo jambo adimu: ulimwengu mmoja, tatizo moja, majibu matatu.

Uganga uliotafutwa

Dragonlance ilitolewa na kampuni ya TSR mwaka 1984 kwa njia mbili zilizokwenda sambamba: vitabu vya mchezo, ambavyo cha kwanza ni Dragons of Despair cha Tracy Hickman, na riwaya za Margaret Weis na Tracy Hickman, ambazo ya kwanza ni Dragons of Autumn Twilight. Kanuni za kawaida za Dungeons & Dragons zilimpa kila mchezaji aliyetaka nafasi ya kuwa kuhani mwenye uwezo wa kuponya. Krynn iliuondoa uwezo huo tangu mwanzo. Zaidi ya miaka mia tatu kabla ya kisa kuanza, kiburi cha mji wa Istar kilileta gharika ya moto, na tangu hapo hapana kuhani wa kweli wala anayeponya kwa jina la mungu.

Upungufu huo haukuwa adhabu kwa wachezaji. Ulikuwa ni swali. Goldmoon anapoingia katika nyumba ya wageni ya Solace akiwa na fimbo ya kioo cha buluu inayoponya, kila mtu aliyemo katika kisa na aliyeketi mezani anajua kwamba jambo lisilowezekana limetokea. Jibu halitolewi papo hapo. Wasafiri hulazimika kwenda hadi Xak Tsaroth, mji uliobomoka na kumilikiwa na joka jeusi, na humo ndimo zinamopatikana Sahani za Mishakal zenye elimu ya miungu iliyosahauliwa. Hata baada ya hapo uganga hauenei kama habari ya redio. Goldmoon anamponya Elistan, mtu mmoja mgonjwa wa kufa katika kifungo cha Pax Tharkas, na Elistan ndiye anayezichukua Sahani na kuwafundisha wengine.

Mambo matatu yanadhihirika katika mfano huu. La kwanza, nafasi ya nguvu mpya ilikuwa imeachwa wazi ndani ya sheria ya zamani: hadhira ilijua kuna kitu kilichopotea, kwa hiyo kupatikana kwake hakukuvunja ahadi bali kuliitimiza. La pili, nguvu hiyo ilifikiwa kwa safari ambayo wachezaji wenyewe waliitembea, chumba kwa chumba, na ambayo ingeweza kuwaua. La tatu, haikumpokonya yeyote alichokuwa nacho. Raistlin, mwenye sihiri wa kundi hilo, alibaki na elimu yake na maradhi yake.

Maradhi hayo nayo yana maana kubwa. Sihiri Kuu ya Krynn hutoka kwa miezi mitatu, Solinari mweupe, Lunitari mwekundu na Nuitari mweusi, na wenye sihiri huvaa majoho ya rangi hizo tatu. Anayetaka kuendelea mbele lazima apite Jaribio katika Mnara wa Sihiri Kuu, na anayeshindwa hufa. Raistlin alipita, akatoka na ngozi ya dhahabu, mboni za macho zenye umbo la shisha ya mchanga, na kikohozi kisichokoma. Kanuni ya jumla ya mchezo, ambayo Gygax aliikopa katika The Dying Earth ya Jack Vance ya mwaka 1950, ni kwamba neno la sihiri likishatamkwa hufutika akilini hadi lisomwe tena. Kanuni hiyo kwa asili ni hesabu kavu. Krynn iliipa mwili uliolipa. Aliyemshika mhusika wa Joho Jekundu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo, hakuwa ameshika orodha ya maneno. Alikuwa ameshika historia ya malipo.

Sihiri iliyotangazwa

Mabadiliko ya pili yalikuja mwaka 1995 kwa riwaya ya Dragons of Summer Flame ya waandishi wale wale. Mwishoni mwa vita vya Chaos miungu inaondoka, miezi mitatu inatoweka, na mmoja mgeni unabaki angani. Sihiri Kuu imekatika, na uganga wa makuhani pia. Kama mwisho wa riwaya, jambo hili lina huzuni yenye heshima. Lakini mwaka 1996 TSR ilitoa mchezo mpya kabisa, Dragonlance: Fifth Age, uliotumia karata mahali pa dadu, na mchezo huo ulileta nguvu mbili mpya: sihiri iliyomo katika ulimwengu wenyewe, iliyogunduliwa na Palin Majere, na uganga wa moyo, uliogunduliwa na Goldmoon.

Haki inadai isemwe kwamba sihiri hiyo mpya, ikitazamwa peke yake, haikuwa dhaifu. Katika mfumo wa zamani mchezaji alichagua neno katika orodha iliyochapishwa. Katika mfumo mpya alitunga tendo lake papo kwa papo: alieleza anataka nini, umbali gani, kwa muda gani, kwa watu wangapi, kisha gharama ikahesabiwa na kutolewa katika akiba yake ya nguvu. Kwa mtu anayejali utendaji, hii ni hatua mbele. Mchezaji aliacha kuwa mkariri akawa mtunzi. Wale waliodai kwamba Fifth Age ilishindwa kwa sababu kanuni zake zilikuwa mbaya hawakutazama vya kutosha.

Kasoro ilikuwa katika mlango wa kuingilia. Kati ya mwisho wa riwaya na mwanzo wa mchezo imepita takriban miaka thelathini, na ni ndani ya miaka hiyo ndimo mambo yote makubwa ya sihiri mpya yalimotendeka. Wachezaji wanapofungua sanduku, Goldmoon amekwisha kuijenga Ngome ya Nuru katika kisiwa cha Schallsea, na Palin amekwisha kufungua chuo cha sihiri karibu na Solace. Mashaka, majaribio yaliyoshindwa, mtu wa kwanza aliyegundua kwamba mikono yake bado ina nguvu ingawa mbingu imenyamaza: yote haya yanasomwa katika kijitabu kama historia. Mwaka 1984 mchezaji alitembea hadi Xak Tsaroth. Mwaka 1996 alipewa taarifa kwamba wengine walikwisha kutembea.

Hapo ndipo masharti mawili kati ya yale matatu yalipovunjika. Safari iligeuzwa kuwa tangazo, na waliokuwa na kitu walinyang'anywa. Mchezaji wa Joho Jekundu hakushindwa na adui, hakukosea hesabu, wala hakuchagua kuacha. Alikuta tu kwamba miezi imeondolewa kwa uamuzi uliofanyika nje ya meza yake. Isitoshe, kanuni zenyewe za karata hazikuwa mwendelezo wa zile za dadu, hata mhusika wake asingeweza kuvuka bila ya kuandikwa upya. Wapenzi wa Dragonlance waligawanyika, na mgawanyiko huo hauelezeki kwa ukaidi wa mazoea pekee. Waliokataa walikuwa wakitetea jambo ambalo hadhira ya Liyongo ingelielewa mara moja.

Miezi iliyorudishwa

Mabadiliko ya tatu yalikuwa jaribio la kutibu la pili. Katika riwaya tatu za The War of Souls, zilizotolewa kati ya 2000 na 2002, Weis na Hickman waliandika kwamba sihiri mpya imeanza kudhoofika. Sababu yake inafichuliwa polepole: roho za wafu zimezuiliwa zisiondoke ulimwenguni, nazo ndizo zinazoinyonya. Na hadhira iliyoomboleza kuondoka kwa miungu inaambiwa kwamba miungu haikuondoka. Takhisis aliuiba ulimwengu wote akaupeleka mahali ambapo wenzake hawakuweza kuuona. Mwishoni miezi mitatu inarudi angani.

Mhakiki mkali aweza kusema kwamba huku ni kufuta kwa mkono mmoja kilichoandikwa na mwingine. Hoja hiyo ina nguvu yake, kwani huzuni ya mwaka 1995 inapunguzwa thamani pale msomaji anapoambiwa kwamba aliililia hila. Hata hivyo, hatua iliyofuata iliokoa mengi. Kitabu cha Dragonlance Campaign Setting cha mwaka 2003, kilichorudi katika kanuni za Dungeons & Dragons, hakikufuta sihiri ya Palin wala uganga wa moyo. Viliachwa viishi pamoja na vile vya zamani. Wenye majoho wamerudi katika mnara wao na kudai mamlaka juu ya sihiri yote, ilhali kuna kizazi kizima kilichojifunza bila ya miezi na bila ya Jaribio, na ambacho mbele ya macho ya mnara ni cha waasi.

Kwa mara ya kwanza mabadiliko ya kanuni yakawa mgogoro wa wahusika. Swali la nani ana haki ya kutumia nguvu lilikuwa limejibiwa na kampuni. Sasa lilirudishwa mezani, ambako mchezaji wa joho na mchezaji asiye na joho wanaweza kuketi bega kwa bega wakabishana. Kwa vyovyote vile njia hii ina rutuba kuliko ile ya mwaka 1996, kwa sababu sihiri ya zamani na mpya zina kumbukumbu moja.

Mfano wa kulinganisha

Yawezekana kudhani kwamba kasoro hiyo ni ya Krynn peke yake. Ulimwengu mwingine wa Dungeons & Dragons, Forgotten Realms, unaonyesha vinginevyo. Kanuni mpya zilipotolewa mwaka 1989, masimulizi yalileta Wakati wa Dhiki: miungu inatupwa duniani, sihiri inakuwa haitabiriki, na Mystra, mungu wa sihiri, anakufa na nafasi yake kuchukuliwa na mwanamke wa kawaida aitwaye Midnight. Daraja la wauaji wa siri lilikuwa limeondolewa katika kanuni, basi masimulizi nayo yakatafuta sababu ya kuwafisha. Hata hivyo misukosuko hiyo ilikuwa ya muda, na kampeni iliweza kuipita ikiwa hai.

Kanuni zilipobadilika tena mwaka 2008, Mystra aliuawa na Cyric, ule utando wa nguvu uliokuwa ukiishikilia sihiri ukapasuka, na tauni ya moto wa buluu ikaikumba dunia. Kisha kalenda ikasogezwa mbele kwa takriban karne moja. Tauni hiyo ilikuwa na uwezo wa kuwa kisa kikubwa. Lakini wachezaji walioshika wanadamu wa kawaida hawakupewa nafasi ya kukiishi, kwa kuwa kalenda ilikwisha kuwazika. Miaka michache baadaye, kwa mfululizo wa riwaya za The Sundering za 2013 na 2014, mengi ya yaliyokuwapo yalianza kurudishwa. Walimwengu wawili, basi, walikosea kwa namna moja: walirukia upande wa pili wa mabadiliko, na wote wawili wakalazimika kurudi nyuma.

Haki ya hadhira

Hoja ya upande wa pili haina budi kusikilizwa. Yaweza kusemwa kwamba msimamizi ndiye fanani, na fanani ana uhuru. Kwamba ulimwengu usiobadilika hufa. Kwamba sihiri iliyozoeleka sana hugeuka hesabu ya duka na kupoteza ajabu yake. Yote haya ni kweli. Mchezaji anayejua kila neno, kila umbali na kila gharama hana tena cha kustaajabia, na sihiri isiyostaajabisha ni chombo tu, kama jembe. Haja ya kuleta sihiri mpya yaweza kuwa haja halali ya kisanaa.

Lakini uhuru wa fanani katika fasihi simulizi haujapata kuwa uhuru wa kutojibiwa. Fanani hurefusha, hufupisha, huongeza vituko, na hadhira humruhusu kwa kuitika na humkataza kwa kunyamaza. Mabadiliko ya mezani nayo yanahitaji kuitikiwa. Mwitiko huo hauwezi kupatikana kwa kura kabla ya kikao peke yake, ingawa adabu hiyo si mbaya. Hupatikana pale wahusika wenyewe wanapokutana na jambo jipya, wakalishuku, wakalijaribu, wakalilipia. Mwenye sihiri wa zamani aweza kupoteza nguvu zake, mradi apoteze ndani ya kisa, mbele ya wenzake, na mradi kile alichojifunza kimsaidie kuielewa nguvu iliyokuja. Palin mwenyewe ni ushahidi wa hili. Aliweza kuigundua sihiri mpya kwa kuwa alijua ile ya zamani ilivyokuwa. Elimu iliyokufa ndiyo iliyomwonyesha mahali pa kutafuta.

Tamati

Krynn, basi, inatoa funzo lililo wazi. Uganga wa mwaka 1984 ulikubaliwa kwa sababu ulitafutwa. Sihiri ya mwaka 1996 ilitiliwa shaka kwa sababu ilitangazwa. Na mapatano ya mwaka 2003 yalileta uhai kwa sababu yaliruhusu mpya na kuukuu kugombana mbele ya hadhira badala ya mmoja kuzikwa kimyakimya. Ubora wa kanuni zenyewe haukuamua matokeo. Kanuni za 1996 huenda zilikuwa ndizo zenye ubunifu zaidi kuliko zote.

Msimamizi anayetaka kuingiza sihiri mpya katika kampeni yake anaweza kuanzia pale ambapo TSR iliruka. Mwezi unatoweka usiku huu huu, kikaoni. Mwenye sihiri anatamka neno alilolitamka mara mia, na neno halijibu. Wenzake wanamtazama. Hajui kama kosa ni lake, la mbingu, au la neno. Kutoka hapo hadi siku atakapouona mkono wake ukiwaka kwa nguvu asiyoijua, pana njaa, aibu, waongo wanaouza dawa za uongo, na walimu wa kwanza wanaokosea. Ile miaka thelathini iliyofupishwa katika kijitabu ndiyo iliyokuwa hadithi.